MWENYE HEMA ALILIPWA, MPIGA KINANDA JE?

 

Masomo ya leo: Nehemia 13:10-11, Kutoka 31:1-5 na Luka 14:28-30. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, usinisikilize mimi tu.

Leo sisemi nanyi kutoka madhabahuni. Nakaa chini nanyi, kwa sababu neno hili limenichoma mimi kwanza kabla ya kuwafikia ninyi.

Kwa miaka mitatu mfululizo, kila Januari, mama mmoja wa kanisa letu alikuwa akiniletea bahasha ya kaki ofisini. Ndani mlikuwa na vyeti vya mwanawe: cha kidato cha nne, diploma ya ununuzi na ugavi, cheti cha tabia njema na nakala ya kitambulisho. Aliniambia, "Pasta, tuombee hii bahasha. Kijana apate kazi." Nami niliweka mafuta kidoleni, nikaigusa ile bahasha, tukaomba mpaka jasho likatoka.

Sasa sikiliza. Wakati mimi na mama tunaomba ofisini, huyo kijana alikuwa kanisani anaunganisha nyaya. Ndiye mpiga kinanda wetu tangu akiwa kidato cha pili. Kesha za Ijumaa yuko. Mazoezi ya kwaya Jumatano yuko. Mazishi yuko, harusi yuko. Watu walikuwa wakitoka kanisa jingine kuja kwetu kumsikiliza. Na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyewahi kufikiri kwamba kazi tunayomwombea huenda alikuwa nayo vidoleni.

Halafu Jumapili moja kinanda kikakaa bila mtu.

Nikauliza, nikaambiwa ameonekana akipiga katika hoteli moja mjini, Ijumaa na Jumamosi usiku. Wapendwa, nilikasirika. Nikamwita ofisini, na nilikuwa nimeshaandaa mistari ya kumkemea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza swali moja: "Pasta, kwa ule mkutano wa Agosti, mwenye hema alilipwa?"

Nikasema ndiyo.

"Na wa viti?" Ndiyo. "Na wa jenereta?" Ndiyo. Akanyamaza. Hakuongeza neno.

Alipoondoka niliomba mweka hazina aniletee kitabu. Mkutano ule ulikuwa wa siku nne. Hema limeandikwa, viti vimeandikwa, dizeli imeandikwa, wapishi wameandikwa. Hata mwenye boda aliyetuletea waya wa maikrofoni ameandikwa, shilingi 150. Nikatafuta jina la kijana wangu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Halikuwapo. Siku nne, asubuhi na jioni, alipiga kinanda, nasi tukamlipa kwa "Mungu akubariki sana".

Usiku ule Nehemia 13 ilinikuta macho. Nehemia anarudi Yerusalemu, anakuta Walawi na waimbaji hawamo hekaluni. Wamekimbia, kila mtu shambani kwake. Kwa nini? Kwa sababu sehemu zao hawakupewa. Na angalia Nehemia alimkemea nani. Hakuwakemea waimbaji waliokimbia, hakuwaambia wamerudi nyuma kiroho. Aliwakemea VIONGOZI. Aliwauliza mbona nyumba ya Mungu imeachwa.

Mimi nilitaka kumkemea mwimbaji. Biblia ikanikemea mimi.

Niruhusu basi niseme na watu watatu.

1. WEWE MZAZI

Najua unachoogopa. Uliuza ng'ombe au uliingia madeni ya chama ili mtoto asome, na sasa anakuambia anataka kupiga picha, kuoka keki, kuchora, kusuka, kuchekesha watu. Unaona aibu hata kanisani ukiulizwa, "Kijana siku hizi anafanya wapi?" Hofu yako si dhambi. Umeona njaa na hutaki aione.

Lakini rudi Kutoka 31. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kusema amemjaza Roho. Amjaze Roho afanye nini? Ahubiri? La. Afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao. Roho Mtakatifu alishuka juu ya fundi! Lidia wa Matendo 16 aliuza nguo za zambarau. Dorkasi wa Matendo 9, alipokufa wajane walilia wakionyesha nguo alizowashonea. Bwana wetu mwenyewe watu wa kwao walimjua kama seremala.

Na hapa kwetu Kenya tuna mfano. Nchi hii ukimwambia mtu wewe ni mwanariadha, anajua unakimbia. Julius Yego hakukimbia, alirusha mkuki. Alikosa kocha wa kumfundisha akawa anatazama video za YouTube na kujifunza hapo. Mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na 2016 akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Sisemi kila mtoto atakuwa Yego. Nasema laiti angesikiliza waliodhani mkuki si mambo ya Mkenya, tungekosa kitu.

Hata shule zetu zimebadilika. Mtaala wa sasa umeweka mkondo mzima wa sanaa na michezo katika sekondari pevu. Kumbe serikali imeona kabla ya kanisa kuona?

Mzazi, usiombee bahasha peke yake. Ombea na vidole pia.

2. WEWE MWENYE KIPAJI

Usishangilie haraka, nawe nina neno lako. Kupenda kitu si sawa na kuishi kwa kitu hicho. Yesu katika Luka 14 anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi, ahesabu gharama. Aketi! Wengi wenu mnaruka tu. Mtu anaota ndoto usiku, asubuhi anaandika barua ya kuacha kazi, jioni anakopa kwa simu kununua kamera. Mwezi wa tatu anapigiwa na wenye mkopo, na anasema shetani anampiga vita. Ndugu yangu, hiyo si vita, hiyo ni hesabu.

Tuhesabu pamoja. Dada anaoka keki ya kilo 2. Tuseme unga, mayai, siagi, sukari na mapambo ni shilingi 1,100. Gesi 150. Sanduku 100. Boda wa kupeleka 200. Jumla 1,550. Anaiuza 1,800 kwa sababu mteja ni "mtu wa kanisa". Amebaki na 250, na amefanya kazi saa sita. Hiyo haifiki shilingi 42 kwa saa. Dada huyo hana shida ya imani. Ana shida ya bei.

Jiulize maswali haya matatu:

Je, watu wasiokujua wanakulipa? Shangazi akisifu keki yako, mshukuru, lakini bado hujapata soko. Mgeni akitoa pesa mfukoni na akarudi mara ya pili, hapo pana kitu.

Je, unaweza kuifanya siku ambayo huna hamu? Kipaji kikiwa kazi, kina Jumatatu zake. Kina mteja msumbufu, kina kuamka saa kumi, kina kurudia kitu kile kile mara hamsini. Daudi alimpigia Sauli kinubi mpaka akarushiwa mkuki.

Je, una kitu cha kula ukingojea? Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila huko Korintho, na huku anahubiri. Hakuona haya. Kama una kazi, ishike kwanza, jenga kipaji jioni na Jumamosi. Kama huna, fanya kibarua bila kujidharau. Na jifunze! Nenda kwa aliyekutangulia ukae miguuni pake. Kama wewe ni fundi uliyejifunzia mtaani, fanya mtihani wa ufundi wa NITA upate cheti cha mkono wako. Usajili jina la biashara. Andika unachopata na unachotumia kwenye daftari.

Tena nikuambie ukweli ambao wahubiri wengine hawatakuambia: si kila kipaji lazima kiwe mshahara. Amosi aliandika unabii, lakini riziki yake ilikuwa mifugo na mikuyu. Ukibaki mwalimu, askari au mkulima, na Jumapili unaimba kwa furaha, hujashindwa. Wala kamari si kipaji, hata ukishinda mara moja.

3. SISI KANISA

Hapa ndipo pananiuma.

Sisi watu wa Mungu ndio wateja wabaya kuliko wote. Fundi wa nje tunamlipa, fundi wetu tunamwambia afanye kama sadaka. Dada wa kanisa anashona sare za kwaya, pesa zinakuja vipande vipande mpaka zinapotea. Kijana anapiga picha za harusi siku nzima, halafu bwana arusi anamwambia, "Ndugu, tuelewane, si sisi ni familia?" Kisha mwezi ujao kijana yule yule anakuja mbele tumwombee milango ifunguke. Wapendwa, mlango ni sisi! Tumeufunga kwa funguo zetu wenyewe, halafu tunamsumbua Mungu aufungue.

Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Fikiria hilo: unaomba kwa sauti kubwa, lakini kuna sauti nyingine inayokushinda, ya pesa za mtu ulizokaa nazo.

Na lile jambo la hoteli? Nilimuuliza kijana anapiga nini kule. Akasema nyimbo za taratibu watu wakila. Nikakumbuka kwamba mhasibu wa hoteli hiyo hiyo ni mzee wa kanisa. Anakaa safu ya mbele. Zaka yake tunaipokea kila mwezi na hatujawahi kumwita ofisini. Kwa nini kalamu ni safi na kinanda ni kichafu? Danieli alifanya kazi ndani ya Babeli, na aliweka mpaka wake mwenyewe kuhusu asichokula. Hicho ndicho nilichomwambia kijana: weka mpaka wako. Kuna wimbo utakaokataa, kuna saa utakayorudi nyumbani, kuna meza hutaketi. Akaniambia ameshauweka. Kumbe alikuwa mbele yangu.

Tumekaa na wazee tukaamua hivi. Ibada ya Jumapili ni huduma yetu sote, mimi na wewe, na anayetumika anatumika kwa moyo, lakini nauli yake isitoke mfukoni mwake. Kwa mikutano, makongamano, na kazi yoyote ambayo tungemlipa mtu wa nje, tutamlipa mtu wetu pia. Kama hatuna pesa, tutasema KABLA, na yeye atakuwa huru kukataa bila kuitwa mwasi. Mtu akitaka kutoa kazi yake iwe sadaka, sifa kwa Mungu. Lakini 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu aamue moyoni mwake, wala si kwa kulazimishwa. Ukimwamulia wewe, hiyo si sadaka yake. Umemnyang'anya.

Deni la mkutano wa Agosti tulimlipa kwa awamu mbili. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Haikuwa rahisi, mimi ni mwanaume na ni pasta, lakini nilihisi mzigo ukishuka.

Leo anapiga hotelini wikendi, na anafundisha watoto wanane kinanda mtaani. Hajatajirika. Kuna miezi mizuri na kuna miezi ya kuomba mwenye nyumba amvumilie hadi tarehe kumi. Lakini anajilipia kodi, na Jumapili amerudi kwenye kinanda chetu, kwa hiari yake.

Januari hii mama alikuja tena ofisini. Hakuwa na bahasha. Alikuja na kijana, akaniambia, "Pasta, mwaka huu tuombee mikono."

Tukaomba.

TUOMBE: Baba katika jina la Yesu, tusamehe tulipokula jasho la watoto wetu na kuliita huduma. Wape wazazi macho ya kuona ulichoweka ndani ya watoto wao. Wape vijana bidii, hesabu na uvumilivu. Bariki kinanda, sindano, kamera, jiko na brashi. Na waliokimbilia mashambani kwa sababu yetu, warudishe, na utupe sisi aibu ya kuwaomba radhi. Amina.

Kama kuna mtu wa kanisa unayemdai msamaha kwa jambo hili, mwambie leo. Na kama unadaiwa na fundi, mpiga picha, mshonaji au mwokaji wa keki, usiandike AMINA hapa chini kwanza. Mtumie pesa yake, ndipo uandike.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.