Kifurushi cha Kutumwa

Huku Korogwe na Handeni vijana wetu wa bodaboda hutumwa vifurushi bila kujua kilichomo. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa 2017, inahesabu hata kubeba na kuhifadhi kuwa ni kufanya biashara hiyo. Methamfetamini isiyozidi gramu 200, haifiki robo kilo ya sukari, ni miaka 30 jela. Ikizidi, ni maisha. Desemba 2023 serikali ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Wenye mali kubwa hivyo hawaendeshi pikipiki! Tumwulize kijana: umekifungua ukaona? Na aliyekwisha kuonja, halali wala hali, tumlete hospitali mapema. Sisi wauguzi hatufungi mtu.