Ipeleleze Nchi Kabla ya Kuiingia



Ndugu waamini na viongozi wa walei, katika sura ya 13 ya Kitabu cha Hesabu twasoma kwamba Musa aliwatuma watu 12 kuipeleleza Kanaani. Aliwapa maswali: wenyeji ni wengi au wachache, udongo una rutuba au hauna, miji ina ngome au haina. Nchi hiyo ilikwisha kuahidiwa na Mungu mwenyewe, na bado ilipelelezwa. Basi kijana wetu aendaye kuomba kazi au nafasi ya mafunzo katika kampuni isiyomwahidi lolote, kwa nini aende amefumba macho?

Twaliandika jambo hili kwa kuwa ni jambo la haki. Kijana wa Munisagara huitwa kwenye usaili Morogoro au Dar es Salaam, na jamaa zake huuza mahindi au mbuzi ili apate nauli. Akiulizwa anafahamu nini juu ya kampuni, hunyamaza. Mwingine hudaiwa fedha ya fomu na mtu asiyemjua. Akiisha kuituma, simu huzimwa. Hasara hizi mbili zina mzizi mmoja: kutouliza mapema.

Wilaya ya Kilosa ina kumbukumbu chungu katika suala hili. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichoitwa SILABU, ambacho kilileta watu kutoka mikoa ya mbali kama Kigoma na Songea. Waliitwa manamba, kwa maana mtu alijulikana kwa namba yake. Asiyejua kusoma alitia dole gumba kwenye mkataba, akapelekwa shamba asilolijua. Hao hawakuwa na njia ya kuuliza. Sisi tunayo, na kwa hiyo hatuna udhuru.

Yafaa kuuliza nini? Kwanza, kampuni ni ya nani, nayo hufanya kazi gani hasa. Makampuni huandikishwa na BRELA, na habari za uandikishaji hupatikana huko. Tuchukue mfano wa karibu, kiwanda cha sukari cha Kilombero. Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa zake kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake, ikabaki na asilimia 25. Miwa yake hutoka katika mashamba ya kampuni na katika mashamba ya wakulima wadogo wanaokizunguka, na usagaji husimama wakati wa masika. Kijana wa chuo cha VETA Mikumi akiyafahamu hayo, atajibu kwa utulivu; tena ataweza naye kuuliza: kazi hii ni ya msimu au ya kudumu? Masika yakifika, nitakuwa wapi?

Pili, wafanyakazi hutendewaje? Jambo hili halimo katika matangazo. Waulizeni wanaotoka zamu: mshahara hulipwa tarehe gani, michango ya NSSF hupelekwa, aliyeumia kazini alisaidiwaje? Tatu, aliyekuita ni kampuni yenyewe, au ni mtu aliyeazima jina lake? Nendeni ofisini au pigeni simu ya ofisi yenyewe, wala msitegemee namba ya huyo aliyewaita. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1997, wafundisha kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi, isipokuwa katika hali chache zilizoruhusiwa. Adaiye fedha kabla ya usaili apaswa kutiliwa shaka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi juu ya kazi, mahali, saa na ujira wake, na kwa kawaida saa za kazi zisizidi 45 kwa juma. Kuuliza juu ya hayo si utovu wa adabu.

Wapo wasemao kwamba mwenye shida hachagui. Lakini tajiri akipoteza nauli hula vilevile jioni. Maskini akipoteza nauli, watoto wa nyumba nzima hulala na njaa. Hivyo maskini ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuuliza. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba heshima ya kazi yatokana na mtu aifanyaye. Mtu huyo ana haki ya kujua aendako.

Twawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, VIWAWA na WAWATA wafanye jambo moja: kijana aitwapo kwenye usaili, jumuiya imtafutie mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi mahali hapo, wazungumze kabla nauli haijakatwa.

Na tusisahau mwisho wa habari ile. Wapelelezi wote 12 waliiona nchi moja. 10 walirudi na hofu, Yoshua na Kalebu wakarudi na moyo. Hatuulizi ili tupate sababu ya kubaki nyumbani. Twauliza ili kijana wetu aingie akijua aingiapo, na akatae pale panapostahili kukataliwa.