Kifaa Kimoja, Lugha Mbili: Mtoto Kiziwi wa Kisumu

Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto kiziwi aliyepandikizwa kifaa cha koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, afundishwe lugha moja tu, na hiyo iwe Kiingereza cha shule. Kwa mtoto wa Kisumu, naona ushauri huo una kasoro, na wanaisimu wa Kiswahili hatupaswi kuunyamazia.

Kifaa hicho, ambacho jaribio lake la kwanza lilifanywa Paris mwaka 1957, hakirejeshi usikivu wa kawaida. Hugeuza sauti kuwa mipigo ya umeme kupitia elektrodi 12 hadi 22. Mdundo wa silabi hupenya vyema, lakini kidatu hupenya kwa shida. Ndiyo maana watoto wengi wa Kichina wenye kifaa hicho hutatizika kutamka toni. Dholuo nayo ni lugha ya toni: kidatu chaweza kutenganisha tendo lililokamilika na lisilokamilika. Kiswahili sanifu hakina toni; kina irabu 5, na mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo, kwa kifaa kile kile, mtoto hubeba mizigo miwili isiyolingana.

Sasa mtoto wa Kondele anapotamka "samba" badala ya "shamba", tatizo liko wapi? Huenda ni kifaa, kwani s na sh hutofautiana katika masafa ya juu, ambayo hakiyapambanui barabara. Lakini Dholuo haina sh, na wapo majirani zake wenye masikio mazima wanaotamka vivyo hivyo. Mpimaji asiyelijua hilo ataiita lafudhi ya nyanyake ulemavu.

Je, ugumu wa toni ni sababu ya kuiacha Dholuo? La hasha. Mtoto hakupandikizwa kifaa ili afaulu mtihani wa matamshi, bali azungumze na watu wake. Wala isitupwe Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kifaa kikivuliwa usiku, mtoto ni kiziwi tena.

Tasnifu zetu za fonolojia hulinganisha vitamkwa vya Kiswahili na vya lugha za kwanza, kisha hubaki rafuni. Maarifa hayo yatumike kuandaa vipimo vya matamshi vinavyomfaa mtoto wa ziwani. Tusipoviandaa sisi, ataendelea kupimwa kwa mizani ya lugha ya wengine.