Kisumu si picha moja

Tafuta picha za Kisumu mtandaoni, nawe utaletewa machweo ya Hippo Point mpaka uchoke. Pale ni pazuri, sikatai. Ila tukiachia tovuti zituchagulie pa kusimama, sote tutarudi nyumbani na picha ileile.

Mimi ni mwandishi wa programu, na ushauri wangu ni huu: anza na jua na upepo, orodha za "sehemu 10 bora" zije baadaye. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua huzama takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, na baada ya dakika 20 hivi giza limeingia. Kwa hivyo mahali patafute mchana.

Kisha kuna magugu maji. Upepo huyasukuma huku na huku, na ufuo uliokuwa maji matupu juzi huenda leo ukawa kijani kama shamba. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila siku 5 hivi, na picha zake ni za bure. Kila nukta ni mita 10. Zinatosha kuona magugu yamelala wapi, mradi hakuna mawingu.

Lakini setilaiti haijui ya kesho. Mvuvi wa Dunga anaijua zaidi. Msalimie, muulize habari za upepo, na uombe ruhusa kabla ya kumwelekezea kamera. Yeye yuko kazini, si pambo la picha yako.