Mkazo wa Kamba na Madai Kwamba Sayansi Haisemeki kwa Kiswahili

Wapo wasomi ambao hadi leo hushikilia kuwa fizikia haisemeki kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini somo hilo bado hutahiniwa kwa Kiingereza katika shule za upili nchini Kenya. Dai lao lafaa lipimwe kwa dhana moja mahususi, nayo ni ile nguvu inayokuwamo ndani ya kamba inapovutwa.

Mabaharia wa pwani hawakukosa maneno. Jahazi lina henza ya kupandishia foromali na tanga, demani ya kulizuia tanga lisipeperuke, amari ya nanga na gofia za kupitishia kamba. Tangu kale walijua kuwa kamba huvuta tu, haisukumi. Kilichokosekana ni istilahi moja iliyokubaliwa.

Hapa ndipo penye utata. Baadhi huiita nguvu hiyo mvutano, wengine mkazo. Mvutano una kasoro: kiambishi cha kutendana humfanya msikilizaji awaze pande mbili zinazoshindana, naye mwanafunzi hujumlisha. Katika mchezo wa kuvuta kamba, kila upande ukivuta kwa nyutoni 500 na kamba isisogee, wengi hujibu kuwa nguvu iliyo ndani ya kamba ni nyutoni 1,000. Sivyo. Ni 500 tu, sawa na vile ingekuwa iwapo ncha moja ingefungwa kwenye mti, kwani mti nao huvuta kwa 500. Isitoshe, mvutano umekwisha kutwikwa nguvu ya Dunia ya kuvuta vitu, mbali na malumbano ya wanasiasa magazetini. Mkazo watokana na kukaza, na hutaja hali ya kamba yenyewe. Wanaisimu watalalamika kuwa neno hilo ni lao. Wao wanayo shadda.

Ubora wa neno hili hudhihirika zaidi pale hesabu inaposhangaza. Mzigo wa nyutoni 100, yaani takriban kilo 10, ukitundikwa katikati ya kamba iliyofungwa baina ya miti miwili, na kila nusu ikainama digrii 30 kutoka mlalo, mkazo huwa nyutoni 100. Kamba hiyo ikikazwa hadi mwinamo ubaki digrii 5, mkazo hupanda hadi takriban nyutoni 574, ilhali mzigo ni ule ule. Kadiri kamba inavyonyooka ndivyo inavyokaribia kukatika.

Ndiyo sababu nyaya za umeme huachwa zilegee kidogo baina ya nguzo. Fundi anayezikaza wakati wa jua kali hadi zinyooke kabisa hujitafutia balaa, kwani usiku wa baridi waya husinyaa na mkazo huongezeka. Fundi huyo anastahili kulipata onyo hilo, pamoja na hesabu yake, katika lugha anayoizungumza kazini.