Askofu Steere na Masheikh Waliomfundisha

Mjadala kuhusu Edward Steere, askofu wa tatu wa UMCA, yaani misioni ya Kianglikana iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza kwa ajili ya Afrika ya Kati, umekwama kwa muda mrefu mno baina ya wanaomwita baba wa Kiswahili cha maandishi na wanaomhesabu kuwa mtangulizi wa ukoloni tu. Pande zote mbili zinakosea kwa namna moja, kwa kuwa zote humtazama askofu peke yake na kuwasahau waliomfundisha.

Steere, msomi wa sheria aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, aliikuta lugha ambayo wenyewe walikuwa wakiiandika kwa hati za Kiarabu tangu zamani. Alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, mwaka 1870, aliwataja katika dibaji Waislamu waliomsaidia, akiwemo Sheikh Abdulaziz, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kwa hiyo sala na maandiko ya Wakristo wa pwani yalipata lugha yake kwa msaada wa wanazuoni wa Kiislamu, na lahaja hiyohiyo ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Historia yoyote ya Kanisa isiyoanzia hapo ina upungufu mkubwa.

Wasomaji wa Bagamoyo wanaijua kwa karibu dhuluma hii ya kuwasahau walimu. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa mwambao huu aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin na kufia huko, kilitoka kwa jina la mhariri wake Mjerumani, Carl Velten, na hadi leo wapo wanaokinukuu bila kumtaja Mtoro. Steere angalau aliwataja walimu wake. Waliowafuta ni waandishi wa wasifu waliokuja baadaye.

Katika toleo hili, makala ya ujenzi wa Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, alikozikwa Steere mwaka 1882, ina vipimo na michoro ya kutosha. Ile ya mwili wa mmisionari David Livingstone kupitia Bagamoyo mwezi Februari 1874 inarudia yanayojulikana, ingawa inamtendea haki Jacob Wainwright, mfuasi wake aliyeusindikiza mwili huo. Makala bora ni ile inayomhusu John Swedi, mmoja wa vijana watano waliotolewa utumwani na kukabidhiwa kwa Tozer, ambaye Steere alimpa ushemasi, daraja linalotangulia upadri, mwaka 1879.

Familia za Bagamoyo, Saadani na Pangani zenye barua au vitabu vya hati za Kiarabu vya wakati huo zinaombwa kuruhusu vinakiliwe, asili zikibaki mikononi mwao, ili toleo lijalo liandikwe kutokana na maneno ya masheikh wenyewe.