Saa ya mpira kwa jua la Tunduma



Jioni moja ya Ramadhani iliyopita, hapa nyumbani kwetu Tunduma, tulikuwa tumekwisha kutia tende kinywani kwa adhana ya redio iliyokuwa ikirushwa kutoka Dar es Salaam. Mara kijana wetu wa darasa la sita akaingia na mpira kwapani, akauliza: "Baba, mbona mnafuturu na jua bado lipo?" Tukatoka nje. Jua lilikuwapo kweli. Siku ile tumekwisha kuilipa, na redio hatuilaumu. Iliwaadhinia watu wa mji wake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dar es Salaam ipo kwenye nyuzi 39 na zaidi kidogo za longitudo ya mashariki, ilhali Tunduma haifiki 33. Kila nyuzi moja jua hulipita kwa dakika 4, basi hutufikia sisi dakika zipatazo 26 baada ya wenzetu wa pwani. Magharibi yetu huchelewa kwa dakika 22 hivi mwezi Juni, na mwezi Desemba hukaribia nusu saa, kwa kuwa sisi tuko kusini zaidi. Juu ya hayo tunaishi mpakani. Ukivuka tu kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma saa nzima, na simu iliyoachiwa ijipange yenyewe huweza kunasa mnara wa ng'ambo ikakwambia ni saa 11 hali ni saa 12.

Ndipo tukaazimia kuwa na saa ya ukutani isiyofuata mnara wa mtu, na tuitengeneze pamoja na kijana huyo, ambaye kipimo pekee cha wakati alichokiheshimu kilikuwa firimbi ya mwisho. Yeye alitaka nembo ya timu yake. Mama yake ni wa upande wa pili, na nyumba yenye Simba na Yanga chini ya paa moja haihitaji kutundikiwa ushahidi. Isitoshe, kwetu hatuweki picha za viumbe ukutani. Tukaafikiana kuchora mpira wenyewe. Tena ikatokea bahati: mpira ule mweusi na mweupe uliochezewa Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Mexico una vipande 32, vyeupe 20 vya pembe sita na vyeusi 12 vya pembe tano. Kumi na mbili, sawasawa na saa.

Tulipata kwa seremala masalia ya mbao za paini, nyeupe na nyepesi, zenye unene wa sentimita 2. Hakikisheni mbao ni kavu. Mbichi itapinda ikiwa ukutani. Mbili tuliziunganisha kwa gundi, tukazibana usiku kucha, kisha tukachora duara kwa msumari, uzi na penseli, nusu kipenyo chake sentimita 14. Tukakata kwa msumeno mwembamba, tukalainisha ukingo kwa tupa na msasa. Kugawa saa hakuhitaji kipimapembe. Urefu uleule wa sentimita 14, ukiupimia juu ya duara kutoka alama hadi alama, huingia mara sita kamili. Kisha kila nafasi igawe katikati. Kijana aliirudia mara tatu kwa kutoamini. Vipande vyeusi tulivipaka rangi kwa kufuatisha kigezo cha katoni, na namba tukaziandika kwa nyeupe.

Mashine tuliitoa katika saa ya plastiki iliyovunjika, inayotumia betri moja ndogo. Hapa ndipo tulipoharibu ubao wa kwanza, na ndipo wengi wataharibu. Shingo ya mashine hizo imekusudiwa plastiki nyembamba. Ubao wa sentimita 2 uliimeza yote, mbele hakikutokeza kitu. Tukachimba nyuma kwa pupa, patasi ikatoboa uso. Wa pili tuliupima kwanza: tukachimba nyuma nafasi ya kuikalia mashine na betri yake, tukabakiza unene wa milimita 3 hivi, nati ikapata pa kushika. Tundu la milimita 8 lilitutosha. Akrabu ya saa huvikwa kwanza, kisha ya dakika, mwisho ya sekunde, zote zikiwa zimeelekea 12, kisha uzungushe ile ya dakika polepole uone kama hazigusani.

Chini ya saa tumetundika kibao cheusi mfano wa ubao wa matokeo uwanjani. Badala ya mabao, kimeandikwa kwa chaki nyakati za Sala tano, kwa ratiba iliyopigiwa hesabu ya Tunduma. Kila Ijumaa kijana anazifuta na kuziandika upya, kwani nyakati husogea. Kazi hiyo tulidhani ataichoka. Badala yake ndiye anayetusuta sisi. Mwezi Februari hapa kwetu jua hutua baada ya saa 1, hata mechi ya Dar es Salaam ikianza saa 1 usiku, sisi tunaitazama mchana. Adhana ya Magharibi hutukuta kipindi cha kwanza kingali kichanga. Zamani tulikuwa tukijiambia tungoje mapumziko, dakika 45 zikawa 50. Sasa tukijisahau, yeye husimama mbele ya televisheni akaelekeza kidole ukutani, asiseme neno.

Ule ubao wa kwanza haukutupwa. Mama yake anakatia vitunguu juu yake, na tundu lake katikati.